Mafundo ya Asubuhi

Mdomo wangu ndio ulioniponza, si mkono. Mkono ulikuwa mgonjwa, na mgonjwa halaumiwi. Mdomo ulikuwa na afya tele siku ile niliporudi kutoka hospitali, watu wamejaa sebuleni kunijulia hali, na mtoto wa dada yangu akauliza kwa ile sauti laini ambayo watu humsemeshea mtu anayetarajiwa kufa, "Sasa mjomba, chombo tutafanyaje?"

"Tutafanyaje wewe na nani?" nikamjibu. "Siku nitakayoshindwa kufunga tanga langu kwa mikono yangu mwenyewe, siku hiyo njoo ukichukue. Kabla ya hapo usiniulize."

Watu wakacheka, mmoja akapiga makofi. Mke wangu, aliyekuwa akizungusha sinia la vikombe, hakucheka.

Msimwone mpwa wangu vibaya. Mtaani wanamwita Injini, kwa sababu ukimsalimu tu atakueleza mashine gani inafaa kusukuma nini. Ni kijana mwenye adabu na mkono mwepesi. Tatizo letu ni moja: yeye akiutazama mlingoti wangu anaona mti unaoziba nafasi ya abiria wawili. Nilijua vizuri kwamba siku chombo kitakapokuwa chake, mlingoti utang'olewa kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Kazi yangu ni kuvusha watu. Maji yetu si mapana. Ukisimama upande huu unaona nguo zilizoanikwa upande wa pili, ila huwezi kujua ni za nani. Daraja lipo, lakini liko mbali, na anayepitia huko hupoteza nusu ya asubuhi yake. Basi watu hunijia mimi, mwenye mashua ndogo, mlingoti mmoja, tanga moja.

Na kufunga tanga si kulisokota tu kama mtu anayeficha shuka chafu mgeni akibisha hodi. Jioni naishusha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, nailaza usawa wa kifua, huku imeegemea mlingoti, huku imekaa kwenye panda la mti lililosimama nyuma. Nalikung'uta tanga maji na kulipa muda likauke, maana likikunjwa bichi hushika kuvu likaoza. Kisha nalikunja kuanzia pindo la chini, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka liwe bumba jembamba lililolala kando ya foromali. Hapo ndipo vinapokuja vikamba. Kila baada ya hatua moja napitisha kikamba, nakaza, namalizia kwa kitanzi cha kuvuta. Ukikaza mno, hakifunguki. Ukilegeza mno, upepo wa usiku utakufungulia bure. Ufundi wote uko katikati hapo, na kipimo chake ni kidole gumba.

Asubuhi foromali hupandishwa tanga likiwa bado limefungwa. Abiria hunisaidia kuvuta, wamezoea. Ikifika juu nashika demani, kamba ya pembe ya tanga, navuta mara moja kwa nguvu, na vile vitanzi vinaachia kimoja baada ya kingine, toka chini hadi juu, tanga linafumuka na kujaa upepo. Watu waliovuka nami miaka nenda miaka rudi bado huinua macho kutazama. Nami hujifanya sioni kwamba wanatazama.

Basi kiharusi kilinikamata upande wa kulia. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, na mke wangu anasema ulirudi na nyongeza. Mkono ulirudi nusu. Daktari wa mazoezi alinipa mpira wa kuminya, akanionya kwamba mara nyingine mkono huu utajikaza wenyewe bila kutumwa, na huenda nisihisi hata kidogo. Nilimsikiliza kama unavyowasikiliza madaktari, yaani kwa heshima, huku nikifikiria chakula.

Jioni ya kwanza nilifunga tanga peke yangu. Nilichukua muda ambao zamani ungetosha kufunga matanga ya mji mzima, lakini nilifunga, vitanzi vyote, nikarudi nyumbani kifua mbele. Kesho yake nikakuta mafundo.

Nasema mafundo, si vitanzi. Yamekazwa mara mbili mbili, madogo, magumu kama kokwa. Nilisimama ndani ya mashua nikiyatazama, na yale maneno ya daktari yakanirudia yote, neno kwa neno. Mkono ulikuwa umejikaza. Nilikuwa nimefunga fundo nikidhani nafunga kitanzi, na kichwa changu kikaniapia kwamba ni kitanzi. Ningemshuku nani mwingine? Watu huiba matanga, huiba kamba, wameshaniibia hata ndoo ya kutolea maji. Sijasikia mtu anayekuja kwa siri kukufanyia kazi yako.

Nilihangaika nayo kwa meno na mkono wa kushoto mpaka yakalegea, nikafunga upya vitanzi legelege vya kunifikisha tu kwenye kuvuta demani. Abiria walipofika walinikuta nimeketi, nachezea mpira wangu wa daktari kama mtu asiye na shida duniani.

Ikawa hivyo kila siku. Jioni nafunga kwa uangalifu, nakitazama kila kitanzi, najiambia hiki ni kitanzi, nimekiona. Asubuhi nakuta kokwa. Nilianza kuamka kabla ya watu wote, nikiwa na msumari mrefu nimeuficha mfukoni, wa kupenyeza kwenye fundo na kulitekenya. Mke wangu ananisikia natoka, ananiuliza, "Mapema yote hii?" Namwambia kazi ni asubuhi. Anasema, "Haya, Mungu akupe nguvu." Na uso wake unakuwa na furaha fulani ambayo sikuielewa, tena iliniudhi.

Niseme wazi: niliogopa. Si mkono tu. Mtu ambaye macho yake yameona kitanzi na mkono wake umefunga fundo, huyo kichwa kimeanza kwenda na maji. Nilikaa mezani nikila chakula na kujiuliza nini kingine nimekifanya leo nikidhani nimefanya kingine. Nilikuwa namhesabia mke wangu maneno yake, kuona kama anajibu nililosema au anajibu kitu kingine.

Halafu ikaja asubuhi ya mvua. Nilichelewa kutoka, na nilipofika abiria walikuwa wameshapanda, wamejifunika mifuko ya plastiki vichwani. Kulikuwa na mwalimu aliyekuwa akichelewa shule na mama muuza maziwa na madumu yake. Ningefanya nini? Nitoe msumari mbele yao? Nikasema "Vuta!" tukaipandisha foromali, nikajipa moyo kwamba leo, labda leo.

Nikavuta demani. Chini kikaachia kikamba kimoja. Vingine vikang'ang'ania. Tanga likajaa upepo sehemu ndogo ya chini na kubaki limekabwa katikati kama gunia lililofungwa shingo, mashua ikageuka ubavu na kuanza kusukumwa taratibu kuelekea kwenye nguzo za gati. Nilivuta tena, kwa mkono mzima na uzito wa mwili wote. Hakuna.

"Nahodha," akasema mama wa maziwa, bila ubaya, "leo umelifunga kama unasafiri nalo."

Watu walicheka. Nilicheka nami, na Injini akatufuata na kiboti chake cha mashine, akatuvuta hadi ng'ambo. Angesema neno ningemtukana, na ingenisaidia. Tulipofika aliyafungua yeye mwenyewe mafundo yangu, kwa kisu, akitazama pembeni ili asinitazame mimi. Nikaona huruma yake, nikaona bora angenipiga kofi.

"Jumamosi uje," nikamwambia. "Nikukabidhi chombo."

"Mjomba, si lazima."

"Nilisema mbele za watu. Njoo Jumamosi."

Nyumbani nilimwambia mke wangu nimechoka na nampa kijana nafasi. Alikuwa mezani na cherehani yake, maana yeye ni fundi wa nguo, na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Lakini unafunga vizuri," akasema. "Unatoka mapema, unarudi mzima. Umechokaje?"

"Nimechoka ninavyochoka."

Hakuuliza tena, lakini usiku ule alishonea vifungo upande usio wake. Alhamisi alisafiri kwenda kumsaidia mdogo wake kuhama nyumba, arudi kesho yake mchana. Aliniachia chakula cha siku mbili na maagizo ya wiki mbili. Agizo la mwisho lilikuwa juu ya bata wake, ambao kila jioni huenda kuwarudisha kutoka majini: "Usijisumbue nao. Wanajua njia."

Nikashangaa kidogo. Kama wanajua njia, kila jioni anakwenda kuwafuata kwa nini? Lakini sikuwa na nafasi kichwani ya kuwafikiria bata.

Jioni ile nilifunga tanga nikijua ni mojawapo ya mara za mwisho. Nilifunga polepole. Nililisawazisha kila mkunjo, nikapapasa kitambaa chote, na viraka alivyoshona mke wangu mmoja mmoja. Usiku upepo ulivuma, wa kawaida tu. Asubuhi nilipotoka na msumari wangu niliusikia mlio nikiwa bado njiani, lile pigo la kitambaa kinachojichapa.

Tanga lilikuwa wazi. Vitanzi vyote vimeachia, vikamba vinaning'inia, pindo limechanika pale linapopigana na mlingoti. Nilipanda nikalikumbatia ili litulie. Hivyo sasa hata kujikaza mkono umeacha, nikajiambia. Umekufa kabisa. Nililia pale, nimeshika kitambaa, mtu mzima na mvi zangu, na sioni haya kusema.

Nilirudi nyumbani bila kuvusha mtu. Sijakaa sawasawa, hodi. Mteja wa mke wangu amekuja kuchukua nguo yake.

"Mama aliniambia ameiacha tayari juu ya meza," akasema. "Nifungulie niione tu, baba, nisije nikarudi tena."

Kifurushi kilikuwepo, kimefungwa kwa uzi mnene. Nilianza kukifungua kwa mkono wa kushoto. Hakifunguki. Nikaleta meno. Yule mama akasema ataazima kisu kwa jirani, nikamwambia angoje. Nikatoa msumari mfukoni, nikaupenyeza, nikatekenya juu kisha kushoto, fundo likaachia.

Ndipo nikaganda. Vidole vyangu vilikuwa vinalijua lile fundo. Vilijua pa kupenyeza, vilijua ligeuke upande gani. Vilikuwa vimelifungua kila asubuhi tangu nitoke hospitali.

"Nguo ni yenyewe?" nikamuuliza yule mama. Akasema ndiyo, inapendeza mno. Nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Mke wangu aliporudi mchana nilikuwa nimeketi mezani na mbele yangu nguo zangu mbili nimezizungushia karatasi kama kifurushi, na uzi kando. Hata begi hakuliweka chini vizuri.

"Funga hicho," nikamwambia.

"Hata pole ya safari hakuna?"

"Funga, mke wangu."

Akafunga. Mkono wake ulipita mara mbili, ukakaza, ukakaza tena. Kokwa. Nikalisukuma mbele yake lile fundo. Akalitazama, kisha akanitazama mimi, akaketi.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Umenifungia tanga langu."

"Lilikuwa linafunguka." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jioni ile ya kwanza nilikwenda kuwachukua bata, nikakuta linapepea kama bendera. Wewe ulikuwa unaoga, unaimba. Ulikuwa hujaimba tangu uugue. Ningekuja kukuambia?"

"Ndiyo, ungeniambia!"

"Ungefanya nini?"

"Ningenuna."

"Basi."

Lazima mjue kwamba mke wangu anaogopa maji. Huogopa hata beseni likijaa sana. Tangu tuoane hajavuka na mashua yangu hata mara moja, yeye hupita darajani, na watu wamenitania juu ya hilo mpaka wakachoka. Ili kufikia mashua jioni, lazima ukanyage maji hadi magotini, na yakijaa, mapajani. Kila jioni alikuwa anarudi na pindo la gauni bichi, nami nikimwambia hawa bata watakuletea homa.

Hasira yangu haikuwa imeisha, lakini ilianza kukosa pa kukaa.

"Unajua mimi asubuhi nilikuwa nafanya nini?" nikasema. "Nilikuwa nayafungua kwa huu." Nikauweka msumari mezani. "Kabla watu hawajafika. Kila siku. Nilidhani ni mkono wangu unafunga hivyo bila mimi kujua. Nilidhani nimeanza kuwa mwehu."

Akaushika msumari, akaugeuza.

"Mimi nilidhani unatoka mapema kwa sababu umepona," akasema. "Nilikuwa nalala pale kitandani nakusikia unatoka, nafurahi. Nashukuru. Na kumbe nilikuwa nakuua."

Alilia, nami sikujua nimfariji au nimgombeze, nikafanya yote mawili kwa zamu. Halafu, kwa kuwa ni yeye, akafuta macho na kuuliza, "Sasa jana nilipokuwa sipo?"

"Limefunguka lote. Limechanika pindo."

Ukweli ulikuwa mezani na kila mtu ana kipande chake. Kichwa changu kilikuwa kizima, na hilo lilinipa pumzi. Mkono wangu haukuwa unakufa. Ila tangu nitoke hospitali haukuwa umefunga tanga likafungika hata jioni moja. Ile nadhiri niliyotoa mbele za watu, nilikuwa nimeshindwa tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nikivusha watu kwa mkono wa fundi cherehani.

"Niletee hilo pindo nilishone," akasema.

"Kesho mtoto anakuja kuchukua chombo."

"Achukue tanga limechanika? Watu watasema mimi ni fundi gani?"

Alilishona hadi giza. Asubuhi nilichukua kikamba nikamfundisha kitanzi, pale pale mezani, kwenye mguu wa kiti. Nilitumia maneno tu, maana mkono haukuweza kuonyesha. Pitisha, rudisha, usimalize, acha kishikio. Mara ya kwanza akafunga kokwa. Mara ya pili kokwa. "Vidole vyangu havijui kufunga kitu ili kifunguke," akasema kwa hasira. Nikamwambia avute. Avute tena. Alipopata, kikaachia kwa sauti ndogo, akafunga kingine papo hapo, kisha kingine, mpaka mguu wa kiti ukajaa.

Injini alikuja amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kuposa. Palikuwa na watu gatini, mama wa maziwa, mwalimu, na wale wasiokosa mahali penye jambo. Mashua ilikuwa pale ninapoifunga, hatua chache majini. Mke wangu alikunja gauni, akanishika bega, akaingia majini akiwa amefumba jicho moja, akapanda. Nikapanda nyuma yake. Tulitandaza tanga, nikaanza kulikunja, mkunjo juu ya mkunjo, nikalibana kwa kifua na kiwiko cha mkono mgonjwa. Kazi hiyo kiwiko kinaiweza. Yeye akapitisha kikamba cha kwanza.

"Mjomba?" Injini akaita kutoka gatini.

"Nilisema nikishindwa kufunga tanga uje," nikamwambia, na nilisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Nimeshindwa. Siwezi. Nilishindwa tangu nitoke hospitali, na jioni zote hizi aliyekuwa anafunga ni huyu hapa. Na chombo sikupi."

Mwalimu alikohoa. Nilihisi uso unawaka, lakini bumba la tanga lilikuwa kifuani mwangu na nisingeweza kuliachia hata kwa aibu.

Injini hakukasirika. Alikuna kichwa, akatazama mashua kwa jicho lake la ufundi. "Sawa," akasema. "Sikatai. Lakini na siku mkaza mjomba hayupo? Akisafiri? Akiugua?"

Lilikuwa swali la haki. Nililifikiria kweli, nikitafuta jibu la kiume, la kumrudisha nahodha kwenye kiti chake. Sikulipata.

"Siku hayupo," nikasema, "chombo hakitoki."

Mikono ya mke wangu ilisimama juu ya kikamba. Hakunitazama. Maji yalikuwa yakipiga ubavu wa mashua, yale maji anayoyaogopa, na miguu yake ilikuwa imejikaza kwenye sakafu ya mbao kama vile itaondolewa kwa nguvu.

"Usiongee sana," akasema hatimaye. "Hapa pamelegea. Shikilia."

Nikashikilia.